Mbio za Nyika Ukingoni mwa Bahari: Mabingwa Chipukizi wa Mombasa, 2007

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayefanya jambo kwa pupa pasi na kufikiri atakapofikia. Tarehe 24 Machi 2007, mjini Mombasa, zilikimbiwa mbio ambazo, hata kwa maana ya wazi ya maneno, zilikuwa za ukingoni. Uwanja wa gofu wa Mombasa, ambao unapakana na majabali ya Bahari ya Hindi si mbali na kivuko cha Likoni, ulikuwa mwenyeji wa Mashindano ya 35 ya Dunia ya Mbio za Nyika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika nchi ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Kabla ya hapo bara la Afrika lilikuwa limeyaandaa mara mbili tu, mjini Rabat mwaka 1975 na mjini Marrakech mwaka 1998, zote katika nchi ya Moroko.

Mengi yamesemwa kuhusu mashindano ya watu wazima ya siku ile. Makala haya yanakusudia kuwaangazia zaidi vijana, yaani wanariadha wa kitengo cha chipukizi, pamoja na yaliyowapata baada ya kuvishwa medali. Swali linaloongoza mjadala ni moja: taji la dunia analotwaa kijana ambaye bado hajatimiza miaka 20 lina maana gani? Je, ni tuzo ya kazi iliyokwisha, ni ahadi ya kazi ijayo, au ni mzigo? Ili kulijibu swali hili, itafaa kwanza kueleza mahali, kisha maneno, halafu mashindano yenyewe.

Port Reitz: Mlango wa Wageni

Mgeni anayefika Mombasa kwa ndege haanzii kisiwani. Huanzia Port Reitz, upande wa bara, katika eneo la Changamwe, ambako ndiko uliko Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Uwanja huo ulijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ukatumiwa na marubani wa jeshi la majini la Uingereza, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukapanuliwa hadi kuwa wa kimataifa. Uko mita 61 tu juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo msafiri hupitia Changamwe, akavuka Makupa, ndipo akaingia kisiwani.

Jina la mahali hapa lina historia yake. John James Reitz alikuwa luteni wa jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1824, wakati watawala wa Kimazrui walipotafuta hifadhi ya Waingereza dhidi ya Sultani wa Omani, Kapteni William Fitzwilliam Owen alimwacha Reitz Mombasa awe msimamizi. Kijana huyo hakudumu. Alikufa kwa homa mwaka huohuo wa 1824, miezi michache baada ya kukabidhiwa cheo, na hifadhi yenyewe ilivunjika mwaka 1826. Mshairi Muyaka bin Haji alikuwa hai mjini humo katika miaka hiyo. Hata hivyo, ghuba na mtaa wa upande wa bara vimebaki na jina la mgeni aliyekaa kwa muda mfupi. Jina la Changamwe, kwa upande mwingine, ni la wenyeji: Wachangamwe ni mojawapo ya Mataifa Matatu ya Mombasa, pamoja na Wakilindini na Watangana.

Kwa hiyo, Port Reitz ni mahali panapotukumbusha jambo moja muhimu kwa mada hii. Kuna watu ambao jina lao hubaki muda mrefu kuliko kazi yao, na kuna wengine ambao kazi yao hubaki ingawa majina yao yamesahauliwa. Mabingwa vijana nao hawaepuki mizani hii.

Neno "Nyika" na Mbio Zake

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, istilahi "mbio za nyika" inastahili kutazamwa kwa makini. Nyika ni mbuga kavu yenye vichaka na miti michache, ardhi isiyolimwa na isiyo na makazi mengi. Katika upwa wa Kenya neno hili lilikuwa pia na maana ya kijiografia: nyika ilikuwa ile nchi kavu iliyoanza nyuma ya ukanda wa minazi na kuelekea bara. Watu wa mjini waliwaita majirani zao wa bara "Wanyika", jina ambalo wenyewe hawakulipenda, na ambalo katika karne ya 20 liliachwa na mahali pake pakachukuliwa na jina la Mijikenda.

Waliounda istilahi ya mbio hizi hawakuwa na nia ya kumtenga mtu. Walihitaji neno la kueleza mbio zisizokimbiwa kwenye uwanja wa duara wala barabarani, bali kwenye majani, matope, vilima na mabonde. Neno nyika liliwafaa. Hata hivyo, mwaka 2007 istilahi hiyo ilijikuta katika hali ya ajabu. Mbio za nyika zilitoka nyika na kuja pwani, tena kwenye kisiwa, tena juu ya majani yaliyotunzwa kwa ajili ya gofu. Mtu aliyesimama akitazama wakimbiaji angeweza kugeuza uso na kuona meli zikiingia Kilindini. Maana ya istilahi na maana ya neno la kawaida zilikutana mahali pamoja zikatofautiana. Hili ni kumbusho kwamba istilahi ikishazaliwa huishi maisha yake yenyewe, na wala haifungwi na mzizi wake.

Mbio zenyewe zina umri mkubwa. Mashindano ya kwanza ya kimataifa yalifanyika mwaka 1903 huko Scotland, yakihusisha mataifa ya Visiwa vya Uingereza. Mwaka 1973 shirikisho la riadha duniani liliyachukua na kuyafanya mashindano ya dunia, mjini Waregem, Ubelgiji. Kenya ilianza kuvuna kwa wingi mwaka 1986, John Ngugi aliposhinda mjini Neuchâtel, Uswisi. Kuanzia mwaka huo hadi 2003, timu ya wanaume ya Kenya haikushindwa katika mbio ndefu hata mara moja.

Chipukizi ni Nani?

Neno chipukizi linatokana na kitenzi chipuka. Chipukizi ni tawi changa au mche unaoanza kutoka. Matumizi ya neno hili kwa mwanamichezo kijana ni sitiari iliyozoeleka hata haionekani tena kuwa sitiari. Lakini ukiirudia maana ya asili utaona kwamba neno hili lina mambo mawili ndani yake: tumaini na udhaifu. Chipukizi huahidi mti, lakini pia huweza kuliwa na mbuzi, kukanyagwa au kukauka.

Katika kanuni za riadha, chipukizi ni mwanariadha ambaye hadi tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano atakuwa hajatimiza miaka 20. Mbio za nyika za wavulana chipukizi zimekuwa sehemu ya mashindano ya dunia tangu 1973. Wasichana walisubiri zaidi. Mbio zao zilianzishwa mwaka 1989 mjini Stavanger, Norwe. Mjini Mombasa wasichana walikimbia kilomita 6 na wavulana kilomita 8. Mbali na ushindi wa mtu mmoja mmoja, kulikuwapo ushindi wa timu. Nafasi za wanariadha 4 wa kwanza wa kila nchi zilijumlishwa, na nchi yenye jumla ndogo zaidi ndiyo iliyoshinda. Kwa sababu hiyo, mkimbiaji wa nne wa timu, ambaye hakuna mpiga picha anayemfuata, huwa na thamani ileile ya bingwa katika hesabu ya nchi yake.

Umuhimu wa kitengo hiki unadhihirishwa na orodha ya waliowahi kukishinda. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alishinda mwaka 2001 mjini Ostend. Eliud Kipchoge wa Kenya alishinda mwaka 2003 mjini Lausanne. Faith Kipyegon alishinda mwaka 2011 mjini Punta Umbría, tena akikimbia miguu mitupu, kisha akashinda tena mwaka 2013 mjini Bydgoszcz. Wote hawa walikuja kuwa miongoni mwa wakimbiaji wakubwa kabisa wa zama zao.

Siku Yenyewe: Joto la Malelezi

Mwezi wa Machi Mombasa huwa mwezi wa joto kali. Pepo za kaskazi huwa zinafifia na kusi huwa bado haijashika. Wenyeji hukiita kipindi hiki cha kubadilika kwa pepo malelezi. Hewa husimama, na unyevu huwa mwingi. Katika hali kama hii joto linalozidi nyuzi 30 haliwi joto la ngozi tu. Mwili wa mkimbiaji hujipoza kwa jasho, lakini si jasho lenyewe linalopoza, bali ni kukauka kwake. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho hutiririka bila kukauka. Wakati huohuo moyo hulazimika kugawa damu kati ya misuli inayokimbia na ngozi inayotafuta ubaridi. Mkimbiaji akikaidi, mwili humsimamisha kwa nguvu.

Ukweli huu ulidhihirika kwa namna ambayo watazamaji hawakuitarajia. Kenenisa Bekele alikuwa ameshinda mbio ndefu na mbio fupi kwa miaka 5 mfululizo, kuanzia 2002 hadi 2006, yaani mataji 10. Mjini Mombasa aliacha mbio kabla ya kufika mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda kilomita 12 kwa dakika 35 na sekunde 50, akifuatwa na Wakenya Moses Mosop na Bernard Kipyego. Kwa upande wa wanawake, Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa raia wa Uholanzi tangu 2003, alishinda kilomita 8 kwa dakika 26 na sekunde 23, mbele ya Tirunesh Dibaba wa Ethiopia. Wakenya walimshangilia mtu wao aliyevaa rangi za nchi nyingine.

Furaha iliyo kamili kwa wenyeji ilitoka kwa chipukizi. Linet Masai, msichana wa miaka 17 kutoka eneo la Mlima Elgon, alishinda kilomita 6 kwa dakika 20 na sekunde 52. Asbel Kiprop, mvulana wa miaka 17 vilevile, alishinda kilomita 8 kwa dakika 24 na sekunde 7. Ukigawa muda huo utaona kwamba kila kilomita moja aliimaliza kwa takriban dakika 3 na sekunde 1, juu ya majani na katika unyevu ule. Nyuma yake walifuata Wakenya wenzake Vincent Chepkok na Mathew Kisorio. Kwa jioni hiyo, hakuna aliyekuwa na sababu ya kutilia shaka mustakabali wa vijana hao.

Mabingwa Baada ya Mombasa

Mwaka mmoja na miezi mitano baadaye, Kiprop na Masai walikuwa Beijing kwa Michezo ya Olimpiki ya 2008. Kiprop alimaliza wa pili katika mita 1,500. Masai alimaliza wa nne katika mita 10,000. Lakini matokeo hayo hayakubaki yalivyoandikwa. Rashid Ramzi wa Bahrain, aliyekuwa amemshinda Kiprop, aligunduliwa kuwa alitumia dawa zilizopigwa marufuku, na dhahabu ikahamishiwa kwa Kiprop. Masai alingoja zaidi. Elvan Abeylegesse wa Uturuki, aliyekuwa wa pili, alinyang'anywa matokeo yake mwaka 2017, na hivyo nafasi ya nne ya Masai ikawa ya tatu karibu miaka 9 baada ya mbio zenyewe. Medali ya namna hii huja bila wimbo wa taifa, bila jukwaa, na bila umati.

Mwaka 2009 mjini Berlin Masai alipata siku yake. Katika hatua za mwisho za mita 10,000 za mashindano ya dunia, Meselech Melkamu wa Ethiopia alikuwa mbele na ushindi ulionekana kuwa wake. Masai hakukata tamaa. Alimfikia kwenye mstari wenyewe na kumshinda kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo mbio ziliishia ukingoni kweli, ila kwa aliyedhani zimekwisha kabla ya ukingo. Katika mbio za nyika za watu wazima bahati yake ilikuwa nyingine. Alikuwa wa pili mwaka 2009, wa pili mwaka 2010 na wa pili mwaka 2011, na kila mara mbele yake alikuwa Mkenya mwenzake.

Kiprop alipanda juu zaidi. Alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 1,500 mara 3 mfululizo, mwaka 2011 mjini Daegu, mwaka 2013 mjini Moscow na mwaka 2015 mjini Beijing. Kisha ukaja mporomoko. Sampuli iliyochukuliwa mwishoni mwa mwaka 2017 ilionyesha dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Yeye alikana kuitumia. Mwaka 2019 mahakama ya nidhamu ya riadha ilimfungia miaka 4, ikihesabiwa kuanzia Februari 2018. Mtu aliyepata dhahabu ya Olimpiki kwa sababu mwenzake alifungiwa akafungiwa naye kwa kosa la aina hiyohiyo. Kisorio, wa tatu wa siku ile, alikuwa amekwisha kufungiwa miaka 2 baada ya vipimo vya mwaka 2012.

Mambo haya hayasimuliwi hapa ili kuwasuta vijana wa 2007. Hakuna kosa lolote walilopatikana nalo Mombasa. Yanasimuliwa kwa sababu yanajibu sehemu ya swali lililoulizwa mwanzoni. Taji la chipukizi huonyesha uwezo, wala haliwezi kumhakikishia mtu mwenendo wake wa baadaye. Uwezo huonekana siku moja, ilhali mwenendo huonekana kwa miaka.

Mfano wa Kampala na Mfano wa Skwoshi

Mwaka 2017 mashindano haya yalirudi Afrika Mashariki, safari hii Kampala. Jacob Kiplimo, kijana wa miaka 16, alishinda mbio za chipukizi mbele ya watu wa nyumbani. Siku hiyohiyo Joshua Cheptegei, Mganda mwenzake, aliongoza mbio za watu wazima kwa kasi iliyowainua watazamaji vitini, kisha nguvu zikamwishia katika mzunguko wa mwisho akamaliza wa 30. Methali ya sakafuni isingeweza kupata mfano bora zaidi. Lakini methali haisemi kwamba aliyefika ukingoni hawezi kurudi. Mwaka 2019 mjini Aarhus, Cheptegei alishinda taji hilohilo, na mwaka 2023 Kiplimo naye akawa bingwa wa watu wazima.

Itafaa pia kulinganisha na mchezo wa mbali kidogo. Skwoshi, mchezo wa raketi na mpira mdogo unaopigwa ukutani, una mashindano yake ya dunia ya chipukizi tangu 1980 kwa wavulana na 1981 kwa wasichana. Humo pia bingwa huweza kuwa mdogo mno. Nour El Sherbini wa Misri alishinda mwaka 2009 mjini Chennai akiwa na miaka 13, na baadaye akawa bingwa wa dunia wa watu wazima mara nyingi. Nicol David wa Malaysia, aliyeshinda ubingwa wa chipukizi mwaka 1999 na 2001, alikuja kutwaa ubingwa wa dunia mara 8. Amina Orfi, Mmisri pia, alishinda taji la chipukizi mara 4 mfululizo, kuanzia 2022 hadi 2025.

Tofauti ya michezo hii miwili iko katika mahali pa kuchipukia. Skwoshi huchezwa ndani ya chumba chenye urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Chumba hicho kina mwenyewe, kina ada na kina mlango. Mtoto asiye na klabu hawezi kuucheza. Nyika haina mlango. Hii ndiyo sababu mbio ziliwafaa watoto wa wakulima wa nyanda za juu za Kenya. Lakini mtu asidhani kwamba nyika ni bure kabisa. Inahitaji mwalimu, chakula, mashindano ya shule, na ushauri wa mtu mzima mwaminifu pale fedha za kwanza zinapoingia. Misri haikupata mabingwa wa skwoshi kwa kuwa na kuta tu, na Kenya haikupata mabingwa wa nyika kwa kuwa na vilima tu.

Pwani na Urithi wa Siku Moja

Miongoni mwa mabingwa wanne wa tarehe 24 Machi 2007, hakuna aliyezaliwa pwani. Watatu walizaliwa katika maeneo ya juu ya magharibi mwa Kenya, na mmoja Eritrea. Sababu moja hujulikana: anayekulia zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari huishi katika hewa yenye oksijeni haba, na mwili wake huzoea. Lakini sababu hiyo haitoshelezi. Mwinuko hauwezi kueleza kwa nini eneo moja lina mashindano ya shule kila mwaka na lingine halina, wala kwa nini kijana wa Changamwe anaweza kuona ndege ya wanariadha ikitua karibu na kwao bila kupata mtu wa kumwambia kwamba naye anaweza kukimbia.

Hapa ndipo penye deni. Mombasa ilitoa bahari, majani, joto na mikono ya kushangilia. Mashindano yalidumu siku moja. Wageni walirudi Port Reitz wakapanda ndege, kama walivyoshuka. Mji unaoandaa mashindano ya chipukizi unapaswa kujiuliza ni chipukizi gani wa mji huo wamemwagiwa maji.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kueleza mashindano ya dunia ya mbio za nyika ya mwaka 2007 kwa kuwafuata mabingwa wake wachanga kutoka ukingoni mwa bahari hadi mbali. Imeonekana kwamba istilahi "mbio za nyika" na "chipukizi" zimebeba historia na tahadhari ambazo mazoea yameficha. Imeonekana vilevile kwamba vijana wawili walioshinda siku moja, katika joto moja, wakiwa na umri mmoja, walipita njia tofauti: mmoja akapanda sana kisha akaporomoka, mwingine akangoja haki yake kwa miaka mingi na kushinda kwa sehemu ya kumi ya sekunde.

Basi taji la ujana si tuzo tu wala si mzigo tu. Ni ahadi inayohitaji watu wawili kuitimiza: kijana mwenyewe, na jamii inayomlea. Wahenga walituonya kuhusu ukingo, lakini hawakutukataza kukimbia. Walitutaka tujue sakafu inaishia wapi.